Breki Mpya za Gari la Bibi Harusi

Ndugu zangu, leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Mimi ni fundi magari hapa mtaa wa Nsemulwa. Mzee Kasonso aliniletea gari lake la zamani la Kimarekani, lenye injini ya kunguruma, nikatoa breki za kizamani za drum na kufunga za kisasa za disk magurudumu yote manne. Binti yake alipoolewa, niliomba mwenyewe kumpeleka kanisani kwa gari hilo.

Kwenye mwinuko wa kanisa, mtaa wa Majengo, nilikanyaga breki, gari likaganda palepale. Vigelegele! Nikavuta hendibreki, nikashuka kuwaeleza wanakwaya waliokuja kutupokea ufundi wangu.

"Fundi, gari linaondoka!" mama mmoja akapiga kelele.

"Linaondoka kweli, mama, hata mlimani!" nikamjibu kwa maringo.

"Linaondoka na bibi harusi!"

Kugeuka, naona shela inapepea dirishani, gari linarudi nyuma taratibu. Tulilikimbiza kwaya nzima, likagota kwenye magunia ya mpunga kando ya barabara. Bibi harusi alikuwa mzima, anacheka mpaka machozi.

Mzee Kasonso akafika mbio, akainua hendibreki kwa kidole kimoja. Ikapanda na kushuka bila kushika chochote.

"Fundi, waya wake umeufunga wapi?"

Kwaya yote ikasogea kunisikiliza.

"Uko gereji, mzee."