Walioipa Kibla Mgongo

Mwenzangu wa kazi hakuwahi kuuona msikiti alioniibia. Miwani ya kompyuta, ile unayoivaa ukajikuta umesimama ndani ya picha, ilimtia kizunguzungu. Akiivaa kidogo tu anatafuta pa kushika. Kazi yake ilikuwa maneno. Yangu ilikuwa magofu.

Tulipanga chumba Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Nilikwenda pwani ya kusini nikapiga picha gofu la msikiti wa kale, jiwe kwa jiwe, kwenye jua la utosi, kisha nikarudi kuziunga huku wabeba mizigo wakipiga kelele za kupishwa chini ya dirisha. Nikaurudishia paa, taa za mafuta na mikeka. Mwisho nikaweka waumini, safu kwa safu. Hao niliwageuza kwa muda waelekee mlangoni, migongo kwenye kibla, ili nizione nyuso zao nikizichonga. Kumgeuza mmoja lazima uvae miwani uingie mle mle.

Kabla sijawarudisha, mwenzangu alibeba kila kitu akaondoka, akatangaza kwamba msikiti kaujenga yeye peke yake. Jina langu halikuwa popote. Nililia, sikatai. Nilipomaliza kulia nikawakumbuka wale waumini, nikacheka mpaka mwenye duka akapanda kuuliza kulikoni.

Ningeweza kumpigia simu nimwonye. Sikumpigia, na sijuti.

Siku ya uzinduzi, kwenye ukumbi mmoja Posta, nilikwenda bila mwaliko, nimejitanda kanga iliyoandikwa "Mla cha mwenzie na chake huliwa". Wa kwanza kuvalishwa miwani alikuwa shehe mzee. Akageuka huku na huku, kisha akasema kwa sauti:

"Astaghafirullah! Mbona wanaoswali wameipa kibla mgongo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenzangu akaniona, akanijia jasho likimtoka.

"Dada, nisitiri. Wageuze fasta, wewe si unajua."

"Nipe kipaza sauti niwaambie nani kaujenga, halafu nitawageuza. Hutaki, vaa miwani uwageuze mwenyewe."

Akatazama kipaza sauti. Akatazama miwani. Kisha akaivaa, mkono mmoja umeng'ang'ania meza.

Nikachukua sambusa, nikavuta kiti cha mbele.