Fundi wa Pedi Aonja Toleo Jipya

Kila toleo jipya la ule mchezo wa mbio za vigari likitoka, ukumbi mzima wa gemu humsubiri fundi wa pedi za kuchezea gemu alionje kwanza, maana neno lake halipingwi. Hufuta vidole kwenye suruali, hukaa ukingoni mwa benchi, na kila kona huilalia kwa kiwiliwili chote, ulimi nje. Safari hii alishinda mara sita mfululizo.

"Wameliharibu," akahukumu. "Kona zimelainika mno. Hili ni la kudekeza watu."

Shemeji yake akachungulia skrini. "Shemeji, mbona msaada wa usukani umewashwa? Kigari kinajiendesha chenyewe! Kumbe dereva ni abiria!"

Fundi akauzima, akaanza upya, akailalia kona ya kwanza. Kigari kikanyooka hadi ukutani. Naye akabaki ameinama vilevile, kana kwamba kona haijaisha, asiyaone macho ya watu ukumbini.