Kapteni Aliyepona Bila Dawa

Ndege haikuwa na shida yoyote. Mwenye shida alikuwa rubani, na rubani nilikuwa mimi.

Mwaka ni 1992, uwanja wa ndege wa Nuu, kule Kitui, ule wa vumbi ambao kabla ya kutua ilibidi upite chini mara moja ufukuze mbuzi. Nilitua vizuri, nikazima injini, halafu nikashindwa kushuka.

Nikaanza kulia.

Si yale machozi ya kiume ya kujipangusa haraka na kusingizia vumbi. Nililia kwa kwikwi, kofia ya kapteni mapajani.

Abiria wangu siku hiyo alikuwa Hersi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa. Alingoja kwa adabu. Mwishowe akanigusa bega.

"Kapteni, kama ndege imeharibika sema tu. Sisi tumezoea kutembea."

Hakuna aliyekuwa amekufa. Nyumbani kulikuwa na amani, binti yetu Muthoki alikuwa anafanya vizuri shuleni. Nilitafuta sababu ya kulia nikakosa, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Mkamba mzima kutoka Kilungu, wa kwanza kule kwetu kuendesha kitu chenye mabawa, nalia mbele ya mbuzi.

Daktari mmoja wa Kitui mjini akanipa jina la ugonjwa, sonona, akanipa na vidonge vyake. Baada ya wiki kadhaa nikaanza tena kusikia utamu wa chakula. Siku moja nikacheka kitu kwenye redio. Mke wangu Nzilani akaacha kufua, akaja mlangoni kuniangalia nikicheka.

Basi hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza.

Rubani si rubani kwa kujua kurusha ndege tu. Kila baada ya miezi fulani lazima daktari maalum wa marubani akupime macho, masikio, moyo, mkojo na akili, ndipo akupe cheti cha afya. Bila hicho cheti wewe ni mtu wa kawaida mwenye kofia. Na changu kilikuwa kimeisha.

Daktari wetu Nairobi aliitwa Mutiso. Aliposikia habari ya vidonge aliweka kalamu chini.

"Kivuva, na hizi dawa siwezi kukupitisha. Sheria ndivyo ilivyo. Ongea na daktari wako wa Kitui akuachishe polepole. Ukikaa miezi mitatu bila dawa na uko sawa, rudi. Na uje na mkeo. Nataka kusikia kwa mtu anayeishi na wewe."

Polepole? Mimi niliyezoea kutua Nuu upepo ukinipiga ubavuni? Nilifika nyumbani nikampa Nzilani chupa yote.

"Mama Muthoki, tupa hizi chooni."

"Daktari wa Kitui ndiye amesema?"

"Mimi ndio nimesema."

Akaichukua, akaenda nayo. Nikajiona mwanaume kweli.

Wiki za kwanza, sitadanganya, mwili ulisumbua kidogo. Baada ya hapo nikainuka. Usingizi ukarudi. Nikaanza kukimbia asubuhi kupanda vilima, watoto wa shule wakinipita na mifuko yao ya vitabu wakinisalimia. Mdomo ulikuwa unanikauka sana, nikasema ni mbio. Uji wa jioni ulikuwa mchungu mpaka ulimi unaingia ganzi. Nzilani akasema ni mawele mapya. Nikasema mawele mapya yana nguvu.

Kila mwezi Nzilani alikuwa akienda Kabati kumwona dada yake Kalunde, aliyekuwa na mgongo mbaya. Mimi, mtu niliyepona, niliuombea ule mgongo kwa bidii.

Sasa, kanisani kwetu mtu akitendewa jambo hakai nalo. Anasimama Jumapili, anatoa ushuhuda. Nikasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Ndugu zangu, mimi nilifungwa na vidonge! Nikavitupa chooni! Leo mnaniona?"

"Tunakuona!"

Utamu wa kuambiwa "tunakuona" ni hatari. Jumapili iliyofuata nilisimama tena, nikaongeza chumvi. Ya tatu nilimaliza muda wa mahubiri, mchungaji akafunga Biblia yake akaketi. Kichwa kikavimba. Watu wakawa wanakuja nyumbani kuniuliza habari za matumbo yao, nami nawapa ushauri bila hata kuwapima: maombi, mbio, maji baridi, na uji mchungu.

Mzee Ndululu, ambaye alikuwa na presha tangu zamani, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia upesi.

Siku ya kurudi kwa Daktari Mutiso nilivaa sare kamili. Hakuna aliyeniambia nivae.

Macho, safi. Masikio, safi. Moyo ulikuwa unaenda mbio kidogo, nikamwambia ni furaha.

"Na dawa?" akauliza.

"Daktari, hiyo ni historia. Unajua siri ni nini? Msimamo. Watu wengi hawana msimamo."

Nikampa ushuhuda wote, ule mrefu wa Jumapili ya tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki. Kisha akamgeukia Nzilani.

"Mama, wewe unamwonaje hii miezi yote bila dawa?"

"Bila dawa lini?"

Nilidhani hakuelewa swali. Nikataka kumsaidia kujibu, daktari akaniinulia mkono ninyamaze.

"Alikaa bila dawa hizo wiki za kwanza tu," Nzilani akasema, macho sakafuni. "Kutoka hapo nimekuwa nikimsagia kwa uji. Kila jioni, vile chupa ilikuwa imeandikwa. Zikiisha naenda Kitui kuongeza. Nikasema, bora bado hajashika ndege. Akitaka kurudi kwa ndege, nitasema."

"Na Kalunde?" nikauliza.

Leseni yangu inazama, na swali pekee lililonitoka ni la mgongo wa shemeji.

"Kalunde ako sawa. Hajawahi kuumwa."

Daktari Mutiso alimkaripia sawasawa. Akamwambia mtu mzima hapewi dawa bila kujua, kwamba angeweza kuniua kwa kunipenda. Nzilani akaitikia kila neno, "Ndio daktari, nimekosa." Halafu ikawa zamu yangu.

"Kivuva, mama amekosea, lakini amenionyesha jambo. Ukimeza uko sawa. Usipomeza, hauko sawa. Na sheria ya leo haina nafasi ya rubani anayemeza." Akafunga faili. "Endelea na dawa. Ndege, pole sana."

Nilishuka ngazi masikio yakinilia kwa hasira. Kufika barabarani nikamgeukia.

"Ungesema tu niko sawa! Neno moja! Ungeendelea na uji wako, nani angejua?"

"Na watu utakaowabeba huko juu, siku ile uji umekosa?"

Mwanaume akikosa jibu hutafuta swali lingine.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo ndipo alipoanza kulia, katikati ya Nairobi, watu wakipita.

"Baba Muthoki, unakumbuka ukiacha dawa? Kuna siku ulikaa nyuma ya ghala kutoka asubuhi. Hukula. Jioni ukaja ukaniuliza kamba ya ng'ombe iko wapi."

"Sasa?"

"Ng'ombe tulikuwa tumeuza Krismasi."

Nilikuwa nimesahau. Halafu nikakumbuka, hata ile kamba nikaikumbuka, na nilichotaka kufanya nayo. Nikaketi pale kwenye ukingo wa barabara na sare yangu yote. Niliogopa kuliko siku yoyote niliyowahi kuwa hewani. Mwanamke huyu alikuwa ameishi na hofu hiyo peke yake miezi yote, akisaga vidonge kwa kijiko, huku mimi nikihubiri msimamo.

Nikamshika mkono, mchana, mbele za watu. Mkamba wa rika langu hafanyi hivyo, lakini mimi nilifanya.

"Kuna ingine," akasema akijipangusa. "Mzee Ndululu ametupa dawa zake za presha. Kwa sababu yako."

Jumapili nikasimama tena. Mchungaji alinipisha kwa furaha, maskini.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Ndugu zangu, ule ushuhuda si kweli. Nilikuwa nameza. Mke wangu alikuwa ananisagia dawa kwa uji bila mimi kujua. Zile wiki chache nilizokaa bila dawa, karibu nijiue."

Kanisani kwetu hakuna mtu aliyewahi kurudisha ushuhuda. Mchungaji hakujua aanzishe wimbo gani. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akaanza kulia. Mwingine nyuma akacheka habari ya uji, akajiziba mdomo na leso.

Mzee Ndululu akainuka na fimbo yake, taratibu.

"Kapteni, sema tuelewe. Mimi nimeze ama nisimeze?"

"Meza, mzee wangu. Leo leo."

"Na mbio?"

"Mbio achana nazo."

"Amina!" kanisa likaitikia, kwa sauti kubwa kuliko zile Jumapili zangu tatu zikichanganywa.

Sikuwahi kurusha ndege tena. Nilipata kazi ya kuwapangia wenzangu safari, na kila mmoja akipaa niliumia. Mpaka leo nikisikia injini juu natoka nje kuangalia. Lakini natoka, na ninaangalia, na Muthoki ana watoto sasa ambao huniuliza ile ndege inaenda wapi.

Vidonge nameza mwenyewe, kwa maji.

Funzo ni hili tu: ukijiona umepona kwa msimamo wako mwenyewe, kabla hujaenda kuwahubiria watu, pitia jikoni kwanza uulize.