Memsabu na Kapu la Njahi

Nimekaa na aibu hii miaka mingi, na wale waliokuwepo siku ile bado wananikumbusha kila tukikutana sokoni, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe, taratibu, kabla hamjaipata kwa mtu atakayeitia chumvi. (Haihitaji chumvi. Mtaona.)

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, wakati walowezi wengi wa upande wa Mweiga walipokuwa wakiuza mashamba na kwenda zao. Walibeba viti, wakabeba vyombo, wengine walibeba hata milango, lakini mbwa na paka wengi waliwaacha nyuma, na bibi mmoja mzee wa Kizungu ambaye hakuondoka akageuza zizi lake la ng'ombe kuwa makao ya wanyama hao. Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, msichana kutoka Meru, nimepanga chumba mjini Nyeri katika ploti ya mjane mmoja aliyeitwa Mama Gathoni. Chumba kilikuwa kizuri ila panya. Panya walikula madaftari ya wanafunzi wangu, na kama hujawahi kumweleza mzee wa miaka sitini, aliyehangaika wiki tatu mpaka akaweza kuandika jina lake, kwamba jina limeliwa, basi hujui shida. Ndipo nikaenda Mweiga kuomba paka.

Mtunzaji wa pale, Mzee Githaiga, alinitolea paka wa kijivu, sikio moja limechanika, macho yakinitazama kama mkaguzi wa shule.

"Huyu ni msafi kuliko mimi na wewe," aliniambia. "Anaenda haja kwa sanduku, anafukia, anapiga pasi juu. Lakini nikuambie ukweli, Mwalimu. Watu wawili wamemchukua na wote wamemrudisha, ati anachafua nyumba. Akirudi mara ya tatu, daktari wa mifugo atakuja na sindano. Bibi amesema hivyo."

Sasa hapo mtu mwenye akili angeuliza swali moja dogo: kama hapa ni msafi, mbona huko kwingine anachafua? Mimi sikuuliza. Mimi nilimweleza Mzee Githaiga, kwa muda mrefu na kwa upole, jinsi kiumbe yeyote anavyofundishika ukiwa na subira, yeye akiitikia kwa kichwa huku akinifungia paka ndani ya kikapu.

Sharti la Mama Gathoni lilikuwa moja. Paka asitoke nje ovyo, kwa sababu kando ya nyumba alikuwa na kitalu cha miche ya kabeji, na paka na udongo laini mnajua wenyewe. Tena jirani alikuwa na mbwa mkali. Kwa hiyo nikaomba sanduku tupu la sabuni dukani, nikalitia mchanga wa mto Chania, nikaliweka pembeni mwa chumba. Mama Gathoni alikuja kuliona, mikono kiunoni.

"Hiyo ni ya nini?"

"Choo cha paka, Mama."

"Paka ako na choo yake, ndani ya nyumba, peke yake!" Akageukia uani, akapaza sauti ili ploti nzima isikie. "Na sisi watu kumi na wawili tunapanga laini kwa shimo moja! Huyu si paka, huyu ni memsabu!"

Jina hilo la mabibi wa Kizungu likamshika hapo hapo, na Memsabu mwenyewe akalithibitisha kwa kukataa choo. Alikizunguka, akanusa ule mchanga wa Chania, akatikisa mguu mmoja kama mtu aliyekanyaga tope, kisha akaenda chini ya kitanda changu akamaliza shughuli zake huko. Kesho yake ndani ya kiatu. Keshokutwa juu ya madaftari, yale yale ambayo aliletwa kuyaokoa.

Lazima niseme kwamba sikukasirika sana. Kwa kweli nilivutiwa. Nilitaka kujua. Nilichukua daftari (lililobaki safi) nikawa naandika: leo mchanga, amekataa, leo udongo wa shambani, amelala ndani yake, leo unga wa mbao kutoka kwa seremala, amepiga chafya na kuondoka, leo magazeti, ameyachana. Nilihamisha sanduku dirishani, nikalihamishia mlangoni, nikalificha nyuma ya pazia nikidhani labda ana haya. Nilimshika mguu wake wa mbele nikamwonyesha namna ya kuchimba, kama ninavyomshika mwanafunzi mkono aandike herufi, na yeye alinivumilia, lakini kwa uso wa mtu anayengoja mgeni aondoke.

Hali ikaendelea hivyo mpaka siku alipoingia kwa Mama Gathoni na kuichagua kofia yake ya kanisani. Mama Gathoni hakupiga kelele. Alinijia akiwa ameishika kofia kwa vidole viwili.

"Mwalimu, Jumapili ya mavuno, wamama wa kanisa wanakuja hapa kunywa chai. Kama siku hiyo huyu paka bado anachafua, Jumatatu asubuhi unampeleka Mweiga, akakutane na hiyo sindano yake."

Nilikuwa nimeshamzoea, jamani. Nikirudi kutoka darasani alikuwa amekaa dirishani ananingoja, na mtu anayekaa mbali na kwao anajua thamani ya kungojwa na yeyote yule. Nilihesabu siku: kumi na mbili.

Kisha, bila onyo, muujiza. Asubuhi moja chumba safi. Kesho yake safi. Siku ya tatu nilipiga magoti nikachungulia chini ya kitanda, nikapindua viatu, nikafunua madaftari moja moja: hakuna kitu. Sanduku nalo lilikuwa tupu, unga wa mbao haujaguswa. Nilikwenda hata kwenye kitalu cha kabeji. Miche ilikuwa imesimama kwenye mistari yake, hakuna aliyeichokoa.

Sasa, mimi ni mtu wa kueleza. Nikiwa na jambo ninalolijua hulieleza, na nikiwa na nisilolijua hulieleza kwa urefu zaidi. Kwa hiyo niliwaeleza wapangaji wenzangu kwamba paka amefundishika, kwamba bila shaka anapita dirishani na kwenda zake kwenye kichaka ng'ambo ya ua, na pia kwamba mnyama akipewa chakula kizuri kwa kiasi, mwili huweza kukitumia chote bila kubakisha.

"Mwalimu," alisema Mama Gathoni huku akimenya viazi, "kila kitu kinaingia, hutoka."

Lakini alikuwa amefurahi, nami nilikuwa nimefurahi zaidi. Hata darasani niliwapa wanafunzi wangu somo zima kuhusu subira, mfano ukiwa Memsabu.

Hapa inabidi niwaeleze kuhusu stoo. Karibu na chumba changu kulikuwa na stoo ya mbao, mlango wake umeoza kwa chini, na humo Mama Gathoni alikuwa ameweka makapu matano makubwa ya njahi. Kwa asiyejua, njahi ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ubavuni, chakula cha heshima, ambacho huku kwetu mlimani mama aliyetoka kujifungua hupikiwa kabla ya kingine chochote. Njahi za Mama Gathoni zilijulikana mji mzima, na kila mavuno alipeleka kapu moja kanisani likanadiwe. Ili zisitobolewe na fukusi alikuwa akizichanganya na majivu ya jikoni, mengi, ya kutosha kufunika juu kabisa, laini kama poda. Siku ya kupeleka zinachekechwa, majivu yanadondoka, njahi zinang'aa.

Jumamosi, siku moja kabla ya mavuno, yeye alikwenda na wamama wenzake kufagia kanisa, akaniachia chekeche na kapu la kanisani. "Zichekeche zote, Mwalimu. Zote."

Nilisimama mbele ya lile kapu. Juu palikuwa pamelainishwa vizuri, tambarare, kama kitanda kilichotandikwa. Nikatazama chekeche, nikatazama rundo la madaftari yaliyokuwa yakisubiri kusahihishwa, na akili yangu, ambayo haijawahi kukosa sababu, ikaanza kunieleza: majivu ndiyo yanayolinda njahi, atakayenunua huenda asizile zote leo, kwa nini basi nimwondolee ulinzi? Si nitakuwa nimemdhuru? Nikachukua mikebe mitatu ya njahi zilizokuwa safi tayari jikoni, nikazimwaga juu, nikazisambaza vizuri. Zilikuwa nyeusi zinameta. Kazi ya dakika tano.

Mama Gathoni aliporudi nilimweleza zile sababu zangu. Alikuwa amechoka. "Sawa," alisema, "wewe ndiye mwalimu."

Kesho yake kanisa lilijaa. Mbele palipangwa ndizi, miwa, kabeji, viazi vya Mweiga, kuku wawili waliofungwa miguu, na katikati kapu letu. Mnadi alikuwa Mzee Elijah, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye suti nyeupe (nawaomba mkumbuke ile suti), na alipofika kwenye njahi watu walisogea. Baba Kariuki alikuwa amesimama mbele kabisa, mke wake alijifungua Jumatano, na kila mtu alijua kapu lile ni lake.

"Njahi za Mama Gathoni!" Mzee Elijah akatangaza. "Mnajua kuna watu wanapamba juu na kuficha chini. Huyu si mmoja wao! Chini ni kama juu! Angalieni!"

Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Nilimwona akitafuta-tafuta huko ndani. Nilimwona akisita. Uso wake ulibadilika polepole, kama wa mtu anayejaribu kukumbuka kitu, kisha akautoa mkono, na majivu yakamwagika kwenye ule mkono wa suti, na katikati ya vidole vyake, pamoja na njahi chache, kulikuwa na vile vitu ambavyo nilikuwa nimevitafuta chini ya kitanda kwa siku kumi na moja.

Nikasikia kuku mmoja.

"Mama Gathoni," Mzee Elijah alisema kwa sauti ndogo, "hii ni nini?"

Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Ngai! Safi juu, taka chini. Kumbe hivyo ndivyo hufanya." Na mwingine, "Na zilikuwa za mzazi!"

Mama Gathoni alisimama pale pale, ameshika kitambaa cha kichwa. Hakujua lililotokea. Mimi peke yangu ndiye niliyejua, na nilijua lote kwa mara moja: ule mlango uliooza, ule uso tambarare wa majivu. Nikinyamaza, jina la yule mama linakwisha mbele ya macho yangu. Nikisema, Jumatatu Memsabu anakwenda kwenye sindano. Nilikaa hapo labda kwa pumzi tatu, na sijivunii hata moja.

Nikasimama.

"Ni paka wangu," nikasema. "Na mimi ndiye niliyeambiwa nichekeche, sikuchekecha. Mama Gathoni hana kosa."

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya vyema. Lakini watu walinitazama, na watu wakinitazama mimi huanza kufundisha. Nikawaeleza habari za sanduku la sabuni. Nikawaeleza mchanga, na unga wa mbao, na magazeti. Nikaeleza kwamba majivu hunyonya harufu, ndiyo maana sisi wenyewe huyamwaga chooni, na kwa hiyo ilikuwa vigumu kutambua kwa kunusa, na nilikuwa naingia kwenye swali la kwa nini paka hupenda kitu laini, aliponikatiza Mzee Elijah, ambaye bado alikuwa ameunyosha mkono mbali na mwili wake.

"Mwalimu, fupisha. Mkono unangoja."

Ndipo kanisa likapasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Baba Kariuki akasema, "Basi mimi nitachukua kabeji," wakaanza upya.

Mama Gathoni hakucheka. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma na kapu kichwani. Wamama walikuwa wanakuja saa tisa. Aliingia chumbani kwangu bila kubisha, akalibeba sanduku la sabuni, akamwaga unga wa mbao nyuma ya nyumba, akaingia jikoni na kutoka nalo likiwa limejaa majivu. Akaliweka chini. Memsabu alishuka kitandani, akanusa, akaingia, akajigeuza mara mbili, na mbele yetu wawili, tukiwa tumechuchumaa na nguo zetu za kanisani, akafanya haja yake, akafukia, akasawazisha juu kwa ukucha.

"Kule Mweiga," Mama Gathoni aliuliza, "uliwauliza wanatia nini kwa sanduku?"

"Sikuuliza, Mama."

"Umekaa na yeye wiki ngapi?"

"Sita."

(Baadaye nilipita kwa Mzee Githaiga nikamuuliza. "Majivu ya jiko la bibi," akanijibu kwa mshangao. "Kwani nyinyi hutia nini?")

Mama Gathoni aliinuka, akakung'uta magoti. "Paka atabaki," alisema. "Wewe ndiye nafikiria kukurudisha."

Hakunirudisha. Alinipa lile chekeche na kunionyesha makapu mengine manne yaliyobaki stoo, na wamama wa kanisa walipokuja kunywa chai walinikuta uani, kijivu kuanzia nywele hadi viatu, wakavuta viti karibu ili waone vizuri. Sikueleza chochote. Na tangu siku ile niliapa, na kiapo bado nimekishika: sipeleki kitu mbele ya watu kabla sijakitia mkono wangu mwenyewe mpaka chini kabisa.