Chai ya Waliokuja Kumwona Mgonjwa

Cheruto alipotolewa uvimbe tumboni, daktari alimpa masharti ambayo mtoto wa darasa la pili angeyaelewa: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asisimame jikoni hadi kidonda kifunge kabisa. Mumewe, Kipkemoi, alitikisa kichwa kukubali kila sharti. Kisha akamrudisha nyumbani, mtaa wa Section 58, akamlaza, akarudi kufundisha Kuresoi, ambako hukaa wiki nzima na kurejea Ijumaa.

Uvimbe ule Cheruto alikuwa ameubeba kwa miaka miwili. Yeye ni karani katika ghala moja la nafaka huko Rongai. Kazi yake ni kupima unyevu wa mahindi kabla hayajapokelewa. Kila alipopanga kwenda kliniki, mavuno yalikuwa yameanza, au shemeji alikuwa anaoa, au kifunguamimba wake Weldon alikuwa anaingia sekondari na lazima apelekwe. Watu walimsifu kwamba ni mwanamke wa nguvu. Punda naye husifiwa hivyo, ila punda hupewa nyasi.

Alidhani akishapasuliwa ataachwa apumzike. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu kwetu mgonjwa hutembelewa. Na mgeni haondoki bila chai. Mgeni wa kumwona mgonjwa ndiye hasa asiyeweza kuondoka bila chai, maana amekuja kwa huruma, na huruma hukausha koo.

Kulikuwa na mama aliyekuja kufua na kupika, lakini aliondoka saa sita mchana. Wageni nao wana akili, huja saa nane.

Walioanza ni kina mama wa kanisa. Waliongozwa na mwenyekiti wao, Nekoye, ambaye kila mtu humwita Mama Mitchelle. Walileta mkate, ndizi na maziwa ya pakiti. Waliimba, wakaomba, wakakaa. Wakaendelea kukaa. Cheruto alijishika tumbo, akainuka kitandani.

"Kaa tu, Mama Weldon, usijisumbue," Mama Mitchelle alisema, macho yakiwa jikoni.

"Si kujisumbua. Ni chai tu."

"Basi kama ni chai tu, ya kwangu usiweke majani mengi. Mimi niko na pressure."

Mkate waliouleta waliula wenyewe. Zilibaki ndizi, na hizo pia hazikubaki nyingi.

Baada yao wakaja watu wa Kipkemoi kutoka Kuresoi, na gunia la viazi. "Upate nguvu," walisema. Viazi haviliwi vibichi, kwa hiyo mgonjwa alimenya. Mzee Kiprugut, baba mdogo wa Kipkemoi, alimtazama kwa masikitiko makubwa akasema kwamba mtu aliyepasuliwa anahitaji supu. Supu ikapikwa. Aliyeipika ni aliyepasuliwa. Aliyeinywa ni Mzee Kiprugut, bakuli mbili, na akalalamika kwamba chumvi ni kidogo.

Bosi wake, Mburu, hakuja. Yeye alipiga simu, na hakuacha kupiga.

"Mama, pumzika kabisa, usifikirie kazi. Kitu kidogo tu: hii mashine ya unyevu inasoma vibaya, na lori zimejaa hadi barabarani. Ulikuwa unafinya wapi?"

Cheruto alimweleza pa kufinya huku akisukuma chapati za kundi jingine, simu ikiwa imebanwa begani.

Alipoenda kufungwa bandeji mpya, muuguzi alifungua ile ya zamani akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imelowa.

"Mama, kidonda kimeanza kuachana. Nyumbani unafanya nini?"

"Napumzika, sista."

"Unapumzika umesimama?"

Muuguzi aliitupa bandeji ile akachukua pamba.

"Sikiza. Ukisimama tena jikoni kitafunguka, nakurudisha thieta ushonwe upya. Na kimeshaanza kupata uchafu. Mara ya pili si mchezo, wewe uko na watoto."

Akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Alhamisi Kipkemoi akapiga simu, sauti ikiwa na furaha.

"Mama Weldon, kanisa na watu wetu wameungana. Jumamosi wanakuja pamoja, maombi ya shukrani. Watu kama arobaini hivi."

"Shukrani ya nini?"

"Ya wewe kupona."

"Sijapona."

"Sasa si ndio wanakuja kuomba?"

"Na nani anapika?"

Kipkemoi alikohoa. "Wewe utaelekeza tu. Unasimama kidogo, unaelekeza."

"Naelekeza nani?"

"Hiyo tutaona. Mimi nitakuwa napokea wageni."

Huyu ni mtu aliyesomea ualimu. Alikuwapo daktari aliposema, na alitikisa kichwa.

Jumamosi asubuhi, Kipkemoi alipotoka kwenda kuwapokea wageni, Cheruto alimpigia mama wa kufua akamwambia asije. Binti yake mdogo, Jepkorir, alimtuma akacheze kwa jirani. Kisha akapanda kitandani, akajifunika blanketi hadi kidevuni. Wageni walipoingia, Kipkemoi akiwa mbele na tai shingoni, jiko lilikuwa baridi kama asubuhi ya Molo.

Kipkemoi aliingia chumbani, akafunga mlango nyuma yake.

"Watu wamefika."

"Wakaribishe."

"Chakula kiko wapi?"

"Viazi viko kwa gunia. Unga uko kwa ndoo. Na sebuleni nasikia wanawake wasiopungua ishirini."

"Hao ni wageni!"

"Na mimi ni mgonjwa. Chagua mmoja."

Kipkemoi alitoka kuwaambia wageni waanze na wimbo. Waliimba. Mama Mitchelle akaomba ombi refu, lililopita kwa viongozi wa nchi, mvua, watoto wa shule na wasafiri wote. Alipomaliza alifumbua macho akatazama jikoni, akayafumba tena, akaanza ombi la pili.

"Mbona hapa hakuna kitu kinanukia?" Mzee Kiprugut aliuliza katikati ya amina.

"Ngoja tu, baba," Kipkemoi alimjibu, jasho likimtoka.

Hatimaye Mama Mitchelle aligonga mlango wa chumba.

"Mama Weldon, ama tuwashe gesi, hata ya chai tu?"

"Washeni."

"Nani awashe?"

"Wewe, Mama Mitchelle."

"Ai! Na hii nguo ya kanisa?"

Sebule nzima ya watu waliokuja kumhurumia, na hakuna mkono hata mmoja ulioweza kuwasha kiberiti. Mmoja alikumbuka mkutano, mwingine alikumbuka ng'ombe. Mzee Kiprugut aliondoka akisema kwamba msichana huyu amekuwa na kiburi tangu apasuliwe, kana kwamba daktari ndiye aliyemtia.

"Umeniaibisha," Kipkemoi alisema walipobaki wawili.

"Kidonda kiko kwako ama kwangu?"

Kipkemoi aligeuka akaenda kukaa kati ya viti vitupu. Jioni alimenya viazi mwenyewe, maganda yakiwa manene kuliko viazi vilivyobaki.

Habari zilifika mbali kwa haraka: kwa Mama Weldon hakuna chai. Huruma ya kanisa ikakatika siku hiyo hiyo. Watu wa Kuresoi walipata kazi nyingi shambani. Simu ya Mburu ilipolia, Cheruto aliizima, na mahindi ya Rongai yakapimwa hivyo hivyo. Alilala mchana. Alilala tena. Kidonda, kilipoachwa, kikafanya kazi yake, na muuguzi akakifungua akasema sasa hiki ndicho alichotaka kuona.

Aliporudi kanisani, Mama Mitchelle alishika maikrofoni akatoa ushuhuda: walimtembelea dada yao, wakamwombea bila kuchoka, na leo amepona. Makofi yakapigwa. Cheruto alikaa, mikono mapajani.

Walipokuwa wakitoka, Mama Mitchelle alimshika bega.

"Kesho tunaenda kwa Nyakio. Amejifungua kwa kupasuliwa. Tunaenda na wewe?"

"Anaweza kusimama?"

"Anaweza, anaweza! Jana nilimwona anatembea."

Cheruto alitoa simu kwenye mkoba akapiga pale pale, Mama Mitchelle akiwa bado amemshika bega.

"Nyakio? Ni Mama Weldon. Kesho saa nane kina mama wanakuja kukuona. Zima gesi, mama, ulale."