Rahabu wa Pikipiki na Mtoto wa Morotonga

Rahabu Mogesi hakujua kukaa. Hata kanisani kwao Nyamisangura, mahubiri yakirefuka kidogo, alitoka nje kama mtu anayepokea simu, akazunguka jengo lote, ndipo akarudi. Mumewe Emanueli, fundi seremala mtaratibu, alishazoea kula chakula cha jioni na mke aliyesimama, sahani mkononi, anachungulia barabarani kama amesikia mtu akimwita.

Kazi yake ilimfaa. Alikuwa na pikipiki, na kwa pikipiki hiyo alizunguka vijijini akinunua kuku wa kienyeji, akawapakia kwenye tenga na kuwapeleka Sirari kuwauzia Wakenya. Tarime mwanamke akiendesha pikipiki watu bado wanageuka kumtazama. Rahabu hakuwa na muda wa kuona nani amegeuka.

Siku Petronila alipokuja kanisani, Rahabu alikuwa nje kwenye mzunguko wake wa jengo. Petronila alikuwa muuguzi wa shirika linaloitwa Kicheko cha Mtoto, linaloleta madaktari Mwanza kuwafanyia upasuaji watoto waliozaliwa na mdomo wazi, ule ambao wengi wanauita mdomo wa sungura. Alisimama mbele ya waumini akasema upasuaji ni bure, ila kuna shida mbili. Ya kwanza ni nauli na chakula cha wazazi, maana wengi hawana. Ya pili ni watoto wenyewe.

"Wapo, lakini wamefichwa," alisema. "Tunahitaji mtu anayeingia mpaka ndani ya miji ya watu, majumbani kwao, bila kushangaza."

Rahabu alimsikia kupitia dirishani. Aliingia akiwa ameshanyoosha mkono.

Baadaye Petronila alimuuliza kwa nini amejitokeza. Rahabu alimweleza kwa kifupi, macho yakiwa chini. Alipokuwa mdogo, mama yake alijifungua mtoto wa kiume asiyeweza kunyonya. Maziwa yaliingia mdomoni yakatokea puani. Alizikwa kabla hajazoeleka, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumtaja tena. "Nilikuwa namsikia analia na sikujua nifanye nini," alisema, kisha hapo hapo akauliza, "Naanza wapi?"

Petronila alimpa onyo moja tu: asimuahidi mzazi yeyote kitu, maana anayeamua ni daktari.

Alianza wiki ile ile. Alinunua kuku huku akiuliza. Kuna miji walimfukuza. Kuna mahali mwanamke alimwambia wazi kwamba wanaokusanya watoto wanauza viungo vyao. Lakini polepole akawapata wachache, mmoja huku, mwingine kule, na kila aliyempata alimfanya awaze wangapi amewapita kwa kuwa hakusimama pale aliposhuku. Akawa anaondoka alfajiri zaidi na kurudi amechoka zaidi. Akavuka daraja la Mto Mara akaingia wilaya ya Serengeti, ambako hakuwahi kununua hata yai.

Ndivyo alivyofika Morotonga, nje kidogo ya Mugumu, kwenye mji wa mzee Nyangwine.

Aliyempokea alikuwa mkamwana wa mzee huyo, Elieth, msichana mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala. Mumewe Joel alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii hifadhini, na kurudi nyumbani ilikuwa kwa nadra. Walikuwa wanaelewana bei ya jogoo Rahabu aliposikia mtoto analia ndani. Kilio kile kilitoka na hewa nyingi puani. Jogoo nusura amponyoke.

"Una mtoto?"

"Amelala."

"Huyo hajalala, analia."

Elieth alitazama pembeni. "Dada, chukua jogoo wako uende."

Rahabu alimchukua jogoo akaenda. Lakini siku chache baadaye alirudi, akanunua kuku asiyemhitaji. Akarudi tena. Mara ya tatu Elieth hakuuliza anataka jogoo au tetea. Aliingia ndani, akatoka na mtoto amefunikwa khanga, akamweka mikononi mwa Rahabu, kisha akageuka asione uso wa mgeni.

Mtoto aliitwa Kisyeri. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka mpaka kwenye tundu la pua, na ndani kaakaa nalo lilikuwa wazi. Alikuwa mwepesi mno kwa umri wake.

"Nakamulia kwenye kikombe, namnywesha kwa kijiko," Elieth alisema. "Nikimaliza kumlisha, muda wa kumlisha umeshafika tena. Wanawake hapa wanasema nilimcheka mlemavu nikiwa na mimba. Sikumcheka mtu."

"Hukumcheka mtu," Rahabu alisema. "Inatokea tu. Inatengenezeka."

Ilibaki kuzungumza na mzee. Nyangwine alikuwa mfugaji mwenye sauti ndogo, na alimpokea Rahabu nje ya zizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kuku."

"Ndiye mimi, baba."

"Sasa nasikia unataka na watu."

Rahabu alieleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. "Huyu ana jina la baba yangu," alisema. "Amekuja hivyo alivyokuja. Mkimpeleka akafia kwenye kisu, Joel nitamwambia nini? Kwamba alichukuliwa na mama wa kuku?"

Rahabu alitembea mpaka kwenye lango la zizi, akarudi. Miguu ilimuwasha. "Baba, hata akibaki hivi anaweza kufa. Maziwa yanaingia kifuani."

"Unaniahidi atapona?"

Hapo ndipo alipokosea. Alikuwa na haraka, mtoto alikuwa mwepesi, na mzee alikuwa anamtazama. "Nakuahidi," alisema. "Mwezi ujao atarudi na mdomo mzima."

Mzee alikubali.

Sasa ikabaki nauli, si ya Elieth peke yake, bali ya familia zote alizokuwa amezipata. Rahabu aliazima kipaza sauti cha kanisa, akaenda mnadani Mugumu, katikati ya ng'ombe na vumbi na moshi wa nyama choma, akaanza kusema. Alisema vibaya, haraka mno, akirukaruka kutoka jambo moja hadi jingine. Wanaume walicheka. Mmoja alipaza sauti: "Mama, hizo hela za wazungu umeshakula, sasa unataka na zetu?"

Alikuwa karibu kuzima kipaza sauti kilipoguswa na mkono wa mtu mwingine. Alikuwa kijana wa Kisukuma, mchimbaji dhahabu aliyekuja kutoka Nyamongo kununua mbuzi. Jina lake Mayunga. Chini ya pua yake kulikuwa na kovu lililonyooka.

"Angalieni hapa," alisema, akajishika mdomo wa juu. "Mimi nimeshonwa nikiwa na ndevu. Shule niliacha kwa sababu ya kuchekwa. Soko kama hili nilikuwa siwezi kupita bila kufunga kitambaa. Huyu mama anawatafuta watoto kabla hawajafika huko, na nyie mnacheka."

Alimsukuma mbele mbuzi wake aliyetoka kumnunua. "Huyu anza naye. Muuzeni hapa hapa."

Mbuzi yule alinadiwa. Aliyemnunua akamrudisha, akanadiwa tena. Watu wakaanza kushindana, wengine kwa huruma, wengine kwa kujionyesha, na Rahabu hakujali ipi ni ipi. Jua lilipoanza kushuka safari yote ilikuwa imelipiwa, na mbuzi alikuwa bado yupo.

Walipanda basi la Mwanza wakiwa kundi zima, wakapita Nata na Bunda. Kila basi liliposimama Rahabu alishuka, akahesabu watoto kwa macho, akapanda. Elieth alikaa dirishani, Kisyeri amefunikwa khanga ile ile. Walipokaribia ziwa aliifunua kidogo, maana ndani ya basi kila mama alikuwa na mtoto kama wake.

Hospitalini walipimwa. Majina yakaitwa moja moja kwenda kujiandaa. La Kisyeri halikuitwa. Daktari alimwita Elieth na Rahabu pembeni, akawaeleza kwa upole kwamba uzito haujafika na damu ni kidogo. "Nikimlaza leo usingizi wa dawa, huenda asiamke. Mlisheni, arudi tutakapokuja tena."

Elieth hakulia. Alimfunika mtoto. Njia nzima ya kurudi, huku wenzake wakiwapepea watoto wenye plasta midomoni, hakumtazama Rahabu hata mara moja. Walipofika Morotonga mzee Nyangwine alikuwa langoni. Alifunua khanga, akaangalia, akafunika.

"Mwezi ujao umefika," alisema, akaingia zizini.

Rahabu alirudi Tarime. Pikipiki ikaegeshwa. Akafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, akahamisha makochi, akayarudisha. Simu ya Petronila alipoipokea, Petronila alisema tu, "Uliahidi, siyo?" Akajibu ndiyo. "Basi najua unavyojisikia. Mimi pia niliwahi." Lakini hilo halikumpunguzia kitu. Kila kuku akilia uwanjani alisikia mtoto.

Emanueli alivumilia siku kadhaa. Asubuhi moja aliweka randa chini. "Mama, humu ndani unanisumbua tu. Nenda ukawaombe radhi. Wakikufukuza, utakuwa umefukuzwa, lakini hutakuwa hapa."

Alienda. Barabara ya kupitia Nyamongo ilikuwa na matope na alianguka mara moja, akafika na goti linavuja damu. Hakuketi alipokaribishwa kigoda.

"Baba, nilikuahidi kitu ambacho si changu. Naomba radhi. Kwako na kwa mama Kisyeri."

Mzee alilitazama lile goti kwa muda. "Daktari alisema nini hasa? Siku ile nilikuwa na hasira, sikuuliza."

"Uzito, baba. Na damu."

"Basi?"

"Basi."

Nyangwine alishangaa kwelikweli. "Uzito? Hicho tu? Mimi nimekuza ndama waliofiwa na mama zao kwa mikono hii. Mbona hamkuniambia kwamba ni kazi ya kulisha?"

Kuanzia hapo mji ule ulikuwa na jambo moja. Petronila alifika akawafundisha namna ya kumlisha mtoto akiwa ameketishwa wima, uji mzito wenye karanga, mboga za majani zilizopondwa, kiini cha yai, maini laini kabisa. Mzee alipochinja au jirani alipochinja, ini lilikuwa na mwenyewe. Rahabu, ambaye alizoea kuchukua kuku Morotonga, sasa alikuwa anapeleka mayai. Joel alipiga simu kutoka kambini kila alipopata mtandao, akiuliza swali moja: amepanda uzito? Na Elieth alianza kumpeleka Kisyeri kliniki mchana, njia kuu, bila kumfunika. Walioangalia waliangalia.

Kuna wiki mtoto aliugua kifua akashuka, na Rahabu akafika kila siku ingawa hakuna alichoweza kufanya. Alikuwa anasimama mlangoni akimtazama anavyohema. "Kaa chini dada," Elieth alimwambia, "unanitia hofu." Alikaa, akasimama tena. Kisyeri akapona, akaanza kupanda upya.

Safari ya pili majina yalipoitwa, la kwake lilikuwamo.

Elieth alimkabidhi kwa muuguzi mlangoni pa chumba cha upasuaji, kisha akakaa kwenye benchi akashika ukuta. Rahabu alienda mwisho wa ujia akarudi. Akawaoshea wazazi wengine vikombe. Akamwendea mlinzi akamuuliza mambo ya ziwa ambayo hakuyasikiliza majibu yake. Hakuwa amemuahidi mtu kitu safari hii, na hiyo ndiyo ilimchoma zaidi, maana hata maneno ya kushikilia hakuwa nayo.

Mlango ulipofunguka daktari alikuwa anatabasamu.

Elieth aliletewa mtoto akiwa bado anasinzia. Mdomo ulikuwa mmoja, umevimba, una mshono mwembamba kama uzi. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha furaha tu.

"Vipi?" Rahabu alishtuka. "Kuna nini?"

"Simjui huyu," Elieth alisema. "Yule wangu alikuwa anacheka na uso wote. Nilishamzoea. Yule yuko wapi?"

Rahabu hakuwa ametarajia hilo. Katika watoto wote aliowatafuta, hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu mama anaweza kukikosa. Alikaa karibu naye kwenye kitanda. Baada ya muda Kisyeri alifumbua macho, akamtafuta mama yake, akampata, na ule uso mpya ukajaribu kucheka, ukaumia, ukajaribu tena.

"Ndiye," Elieth alisema, akajifuta. "Ndiye huyu."

Morotonga walikuta watu wamejaa. Joel alikuwa amepewa ruhusa na alikuwa amepika mwenyewe. Majirani walisogea kumtazama mtoto, na wale waliosema ya kumcheka mlemavu nao walisogea, wakanyamaza. Mzee Nyangwine aliwaacha wote wamalize, kisha akampokea Kisyeri, akampeleka penye mwanga, akaukagua mshono kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Wamefanya vizuri," alisema. Akamfungua mdomo kidogo kwa kidole, akachungulia. "Lakini huku ndani bado kuko wazi."

"Hilo ni kaakaa, baba," Rahabu alisema. "Lina upasuaji wake. Mpaka akue kidogo. Siwezi kukuahidi ni…"

"Sijakwambia uahidi. Nimekuuliza lini."

"Hujauliza, baba."

"Basi nauliza." Alikuwa ameshamrudisha mtoto kwa mama yake, ameshavuta fimbo yake, anaangalia upande wa ng'ombe. "Uzito unaotakiwa ni kiasi gani? Tuanze leo."