Tuta la Nyuma ya Nyumba

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, ambao nilisikia mchakacho wa kanga yangu mwenyewe nilipokuwa nikitembea. Utasema hilo si jambo la kukumbukwa. Lakini anayeishi kando ya Ziwa Victoria hasikii kanga yake. Ndege mnana hugombana kwenye matete tangu alfajiri, nyuki huvuma, vyura hujibizana, nzi hawakosekani. Siku hiyo niliingia katika bustani ya shemeji yangu Masanja, karibu na Kigongo, na kelele zote hizo zikabaki nyuma yangu kana kwamba mtu amefunga mlango. Jua lilikuwa la utosi. Mchicha ulinifika magotini, kila jani zima, kila jani likimetameta. Hapakuwa na tundu hata moja.

Kisha nikatazama chini. Asubuhi ile upepo ulikuwa umewasukuma nchi kavu wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi. Kwingine kote walitua, wakapumzika, wakaruka tena. Hapa walikuwa wamelala chini ya mchicha, weusi, tabaka juu ya tabaka, kama majani ya chai yaliyomwagwa. Nilipokanyaga, walivunjika kwa sauti ya makapi makavu.

Nilirudi kinyumenyume mpaka nikagusa ukingo wa bustani. Sikujua ninachokiogopa, na hofu isiyo na jina ndiyo nzito kuliko zote.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa. Zamani dawa ya pamba ililetwa na chama cha ushirika, ikagawiwa kwa wenye mashamba ya pamba, mambo yakaishia hapo. Sasa kila mwenye meza aliiuza. Iliuzwa mnadani karibu na mitumba na sabuni, imemiminwa kwenye chupa za soda, haina karatasi wala maelezo. Masanja, kaka wa mume wangu, alinunua bomba la kupulizia dawa, la kubeba mgongoni, akalima mchicha na nyanya kando ya maji, akawa anawauzia abiria waliosubiri feri ya kwenda Busisi. Alikuwa na ulimi mtamu. "Njoo mama, mboga safi hizi! Hata nzi anaona haya kutua!" Watu walicheka, wakanunua. Nyanya zake zilikuwa kama zimepakwa mafuta. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti. Lakini nani huukumbuka mkakasi wakati feri inapiga honi?

Mama mkwe wangu tulimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Alikuwa na desturi yake ya kuchuma mboga. Hakuchuma jani ambalo halijaonjwa. Angeligeuza, atafute tundu la kiwavi au mkwaruzo wa konokono, ndipo alikate. "Mgeni wa kwanza mezani ni mdudu," alisema. "Akikataa kula, wewe unamjua mpishi kuliko yeye?"

Masanja alimtania sana. "Mayu, sisi wengine tunakula mboga. Wewe unakula makombo ya viwavi."

"Na wao ni wazima mpaka leo," Mayu alimjibu.

Siku hiyo ya kimya nilikuwa nimekwenda kumchumia mboga mwanangu Sayi, aliyekuwa ameanza kula ugali laini. Kabla sijainama, Kabula, mke wa Masanja, alinikimbilia, mtoto mgongoni, jasho usoni. "Usichume hapo, Mama Sayi. Hizo ni za biashara. Mwenyewe atakasirika." Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Huko kulikuwa na tuta moja fupi, mchicha uliopinda, majani yametobolewa kama chujio. Nyuki alinipita sikioni, nikashtuka, nikagundua kwamba sikuwa nimesikia nyuki tangu niingie bustanini. Kabula alinichumia fungu, akanipa bila kunitazama machoni.

Nilimsimulia Mayu yote. Alikuwa akipuliza moto wa samadi kavu, maana kuni zilikuwa zimeadimika, na macho yake yalikuwa mekundu kama kila siku.

"Kwa hiyo Kabula anachuma nyuma," alisema. Basi.

Baada ya hapo mambo yalianza kujileta yenyewe. Vyura walinyamaza kwenye dimbwi ambalo Masanja alioshea bomba lake. Kuku walianza kutembea kwa kuzunguka, shingo imepinda, ute ukiwachuruzika mdomoni, kisha wakalala ubavu na kukanyaga hewa. Jogoo wetu alikufa akiwa amesimama, ameegemea ukuta. Nilimfukuza mara mbili kabla sijajua. Watu wakaanza kushusha sauti walipotupita. Kisha wajukuu wawili wa jirani yetu Lugoye wakaugua baada ya mlo mmoja. Walitokwa povu, misuli ikawarukaruka, na mboni za macho yao zikasinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Baba yao aliwabeba kwa baiskeli hadi zahanati. Walioachwa nyumbani hawakuwa na jina la ugonjwa ule, na jambo likikosa jina, mwanangu, uchawi hulipa jina.

Lugoye alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo ili usidhani ubaya hufanywa na wabaya tu. Hakufuata zahanati, alikwenda kwa mpiga ramli. Huko aliambiwa amtafute mwanamke mzee, mwenye macho mekundu, anayekaa karibu na maji.

Miaka ile, neno kama hilo likishatamkwa juu ya bibi kizee, panga halikuwa mbali. Sizidishi. Wako waliokufa kwa sababu ya moshi wa jiko uliowakaa machoni.

Walikuja mchana kweupe, Lugoye na wanaume wengine, wakasimama katika ua wetu na wa Masanja, uliopakana na bustani. Kivuli chao kilikuwa kifupi, kimewakusanyikia miguuni. Hakuna aliyetoa shikamoo.

"Marahaba, wanangu," alisema Mayu, ingawa hakuna aliyemwamkia. "Mama Sayi, leta vigoda."

Nikavileta. Havikukaliwa.

"Hatukuja kukaa, bibi," alisema Lugoye. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wajukuu zangu wanatokwa povu. Kuku wamekwisha. Na vyura, wamekwenda wapi? Nani amewameza?"

"Mimi sina meno ya chura, Lugoye. Ugali wenyewe naulowesha."

Mmoja wao alicheka, kisha akainamisha kichwa kana kwamba kicheko kimemtoka kwa bahati mbaya.

"Usilete mzaha. Lisemwalo lipo."

"Lipo. Ila hujauliza liko kwa nani. Watoto walikula nini?"

"Chakula, bibi! Ugali na mboga."

"Mboga ya wapi?"

Lugoye aligeuka akamtazama Masanja, ambaye alikuwa ameegemea mwimo wa mlango tangu walipofika. "Ya huyu mwanao. Nilinunua mimi mwenyewe. Mboga safi, haina hata tundu."

Nilimsubiri Masanja aseme. Nadhani sote tulimsubiri, pamoja na mkewe aliyekuwa ameuma ncha ya kanga. Alitazama kidole gumba cha mguu wake. Mama yake amesimama mbele ya watu waliokuja kumuua, na yeye anatazama kidole. Nimeona mambo mengi tangu hapo, lakini sijaona kimya kilichotisha kama kile, hata kile cha bustanini.

Mayu akachukua fimbo yake, akaingia bustanini peke yake. Hakuna aliyemzuia. Tulisikia kila hatua, na wale wadudu wakavu wakivunjika chini ya miguu yake. Alirudi na fungu la mchicha, akaenda moja kwa moja kwa mwanawe.

"Shika, baba. Kula."

"Mayu... mbichi?"

"Jani moja. Hawa wamekuja na panga kwa ajili yangu, na wewe unaona uvivu wa kutafuna jani?"

Masanja alilipokea. Mkono wake ulikwenda hadi karibu na mdomo, ukasimama hapo. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo. Sote tulikuwa tunalitazama lile jani zuri, zima, linalong'aa.

"Asile!" Kabula alipiga yowe. "Mayu, nakusihi, asile! Amezipulizia asubuhi hii! Dawa ya pamba!"

Jani likaanguka.

Mayu hakumgeukia. "Na ninyi, mwanangu, mnakula za wapi?"

Kabula akanyoosha kidole nyuma ya nyumba. Lugoye alikuwa wa kwanza kwenda, wengine wakamfuata, nami nikafuata. Huko nyuma kulikuwa na kelele. Nyuki, nzi, kiwavi mnene wa kijani akipanda shina bila haraka. Lugoye alisimama mbele ya lile tuta fupi, akayatazama majani yaliyotoboka. Nikaona panga, ambalo alikuwa amelibana kwapani ndani ya koti, likimteleza taratibu hadi chini.

Tuliporudi uani, Mayu alikuwa bado amesimama mbele ya mwanawe.

"Umesikia wanamtafuta mchawi," alimwambia, kwa upole kuliko nilivyotegemea. "Nikuambie mchawi ni nani, Masanja. Ni anayewapa watu chakula ambacho hawezi kuwapa watoto wake. Usinitafutie mwingine."

Nilimnawisha Mayu mikono kwa sabuni, mara mbili, maana alikuwa ameyashika yale majani. Wakati huo Lugoye alikuwa tayari ameshika njia ya zahanati, anakimbia, mtu mzima wa umri ule, kwenda kueleza watoto wamekula nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wauguzi wa zahanati walipojua chanzo, walijua la kufanya. Watoto walipona. Baadaye Lugoye alikuja peke yake, akavuta kigoda kilekile, akakaa. Akasema, "Shikamoo, Mayu." Akajibiwa marahaba. Hawakulizungumza tena maishani mwao.

Masanja aling'oa bustani yote. Aliiacha ardhi ipumzike, kisha akaanza upya kwa majivu, maji ya pilipili na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, na mkono wa kuokota viwavi mmoja mmoja. Pale kivukoni walimcheka. "Masanja, leo unatuuzia nyavu!" Naye, ulimi wake ulikuwa haujafa: "Nyavu ndizo zinazoleta kitoweo, mama." Mchana alikula hapohapo mbele yao, mboga ileile aliyokuwa akiiuza. Lile tuta la nyuma ya nyumba Kabula alilifuta kwa jembe.

Vyura walikawia kurudi. Mvua ya kwanza ilipita kimya, na Mayu akawa anakaa mlangoni, kichwa ameinamisha upande mmoja, anasikiliza. Msimu uliofuata, jioni moja, kule dimbwini alisikika mmoja tu, kwa sauti ya kukwaruza, kama mzee anayesafisha koo.

"Marahaba," alisema Mayu.

Mwanangu, tangu hapo nimesoma kila kijitabu cha kilimo na cha afya kilichofika mikononi mwangu, na nimejifunza kwamba hata Mayu hakuwa amemaliza yote. Tundu la jani si cheti. Mdudu anaweza kula leo na dawa ikapulizwa kesho. Na si kila dawa ni ya muuaji: ipo inayoweza kutumika salama, kwa zao lake, kwa kipimo chake, na kwa kusubiri siku zilizoandikwa kabla ya kuvuna. Isiyo na maandishi, iliyo ndani ya chupa ya soda, hiyo usiiingize nyumbani kwako hata kwa dakika moja. Na chombo kilichobeba sumu hakigeuki kuwa cha maziwa, hata ukikisugua kwa mchanga wa ziwa zima.

Mboga ioshe kwa maji mengi yanayotiririka, tunda limenye, ila ujue kwamba kuosha hakutoi kilichozama ndani. Kwa hiyo anza mapema zaidi: mjue aliyelima. Usichoke kumuuliza muuzaji swali moja, nalo halimgharimu mwaminifu kitu: "Wewe mwenyewe unachuma wapi za kwako?" Halafu mtazame machoni. Kama una kiunga hata cha ndoo mbovu na kiroba cha udongo, panda mchicha wako. Usile chakula cha aina moja siku zote, ili kosa la shamba moja lisiwe kosa la mwili wako wote. Usipende sana kinachong'aa. Na popote chakula kinapokuwa kizuri mno, simama kidogo, usikilize. Ukisikia nguo zako mwenyewe, ondoka.

Neno la mwisho ndilo zito. Watu wakiugua, uliza walikula nini kabla hujauliza nani kawaroga. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi huwa kiko sahanini. Usimwache bibi wa mtu afe kwa ajili ya kimya chako. Na ukiwa wewe ndiye mkulima, usiwe na tuta la nyuma ya nyumba.

Mola akupe mikono unayoweza kulisha nayo jirani na mwanao kutoka sufuria moja. Maji yako yawe na vyura, mboga zako ziwe na wageni wadogo, na wazee wako wazeeke na macho yao mekundu kwa amani.